Mkono wa Marta na Michoro ya Mama Tusekile

Saa mbili asubuhi, Tusekile Mwaisaka amepiga goti mbele ya mguu wa mkulima wa mpunga, katika zahanati moja ya Bujonde. Ametandika nailoni safi juu ya kidonda, na kwa kalamu anafuatisha ukingo wake taratibu.

"Vumilia, Dickson. Nakichora tu."

Tusekile, mwenye miaka 46, ni mhudumu wa vidonda. Tangu 1986 huchora kila kidonda kila Jumatatu, ajue kama kinapungua. Siku hizi wagonjwa hujinunulia bandeji dukani, ila michoro yake ni ya bure. Anayo zaidi ya mia nne, kwenye sanduku la bati.

Mwaka jana, 1993, Marta wa kijiji cha Talatala aliungua kiwiko kwa maji ya moto. Anyisile, mwana wa Marta anayesomea hisabati Dar es Salaam, alikuwa likizo. Alipoiona ile michoro aliiazima wiki nzima, akarudi na daftari lililojaa alama.

"Mama, kidonda hakijizibi tu," alimweleza Tusekile. "Chembehai zilizomo zinashika nyuzi na kuvuta. Ngozi ya nje nayo inavuta upande wake. Mlinganyo huu unapima mvutano huo."

Kwa hesabu yake, mkono ukiachwa umekunjwa, kidonda kingefunga siku ya arobaini, lakini kiwiko kisingenyooka tena. Ukinyooshwa kwa gango la mianzi, ni siku sitini.

Tusekile akafunga gango. Siku ya arobaini kidonda bado ki wazi, Marta analia, mumewe anafoka: "Fungua hiyo mianzi! Unamtesa mke wangu kwa hesabu za mtoto?"

"Ilibaki kidogo nifungue," anakumbuka Tusekile. "Nikachora tena, nikalinganisha na mstari wa Anyisile, ule aliouchora wa siku sitini. Sawasawa! Nikamwambia mumewe, nipe wiki tatu."

Kilifunga siku ya sitini na moja. Marta alinyoosha mkono wote, akamshika mumewe bega. Mume akasema, "Ndaga fijo," asante sana.

"Miaka yote nilidhani vidonda nafunga mimi," anasema Tusekile, sauti ikishuka. "Kumbe humo ndani kuna maelfu ya vitu visivyoonekana, vinavuta kamba bila msimamizi. Na kijana wetu akavifikia kwa kalamu! Mwili ulinisisimka."

Tusekile aliishia darasa la saba. Likizo ijayo Anyisile ataanza kumfundisha aljebra; Tusekile ameshanunua daftari.

"Jibu alinipa," anasema. "Sasa nataka nilitafute mwenyewe, maana mgonjwa mwingine atakuja Anyisile akiwa Dar."