Nilisema Maji Ni Matamu

Kosa ni langu. Naanza na hilo kwa sababu nimechoka kulizunguka. Mwaka mzima nimetafuta wa kumlaumu, mara boza la maji, mara kipimo kibovu, mara mvua, na kila nikimaliza kuzunguka najikuta nimerudi kwangu.

Niliharibu jina la mzee ambaye hakunikosea kitu. Niliharibu kwa neno moja!

Kazi yetu ilikuwa Changamwe, kwenye banda lililokuwa karibu na mtambo mmoja wa umeme unaochoma mafuta mazito. Moshi wa mtambo huo huoshwa kwa maji ya chokaa kabla haujatoka kwenye dohani, ili tusikohoe sisi tunaoishi chini yake. Kinachobaki ni tope jeupe. Zamani lilikuwa likimwagwa shimoni. Kisha ikaonekana kwamba tope hilo likioshwa na kukaushwa vizuri ni jipsam kamili, ile ile ya kutengenezea bodi za dari. Ndivyo tulivyopata riziki kutoka kwenye taka.

Lakini tope lile huja na chumvi. Chumvi isipotolewa yote, bodi huvuta unyevu, na unyevu wa Mombasa unaujua mwenyewe. Tulikuwa tukiliosha mara tatu. Mara mbili kwa maji ya kisima, ambayo nayo yana chumvi yake kama visima vyetu vingi, na mara ya mwisho ni lazima maji matamu ya boza, lile lori la tangi. Kipimo cha chumvi tulikuwa nacho, kikaharibika, ofisi ikasema kipya kinaagizwa. Kiliagizwa mpaka tukaacha kukiulizia.

Tukabaki na ulimi wa Mzee Salim.

Huyu mzee alikuwa mtu wa Kisauni. Ujana wake wote alichimba visima, na angelamba maji tu akwambie kama yametoka Junda au Utange. Mzigo ukioshwa mara ya mwisho, alikinga yale maji yanayochuruzika, akaonja, akatema, akatia saini. Kiwanda cha bodi kikiona saini ya Mzee Salim hakikuuliza tena.

Ramadhani ikaingia. Siku ya kwanza aliniita kando, wenzetu wasisikie.

"Mwanangu."

"Abee, baba."

"Mie nimefunga. Wako wasemao kuonja na kutema si neno, lakini roho yangu haitulii. Wewe hufungi. Onja, unambie, nami nitatia saini. Ulimi wako ndio wangu."

Mimi ni Mgiriama, Mkristo, mama wa watoto wawili, kazi yangu ilikuwa kumwagia tope maji. Hakuna mtu aliyewahi kuniamini kwa jambo kubwa kama lile. Nilifurahi kweli! Na karibu kila asubuhi mzee alikuwa akija na bakuli la kaimati zilizobaki kwenye futari ya jana. "Mke wangu asema huyu anayetuonjea naye ale," alikuwa akiniambia. Nami nilikula.

Wiki ya pili boza likaanza kusumbua. Ilikuwa Alhamisi. Saa tisa hakuna boza, saa kumi hakuna. Miguu imenivimba ndani ya gambuti. Lori la kiwanda limesimama mlangoni na dereva hana subira, honi juu ya honi. Mzee Salim amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, midomo imemkauka, na bado ana safari ya kuvuka mji mzima mpaka Kisauni awahi futari.

Nikafungua mfereji wa kisima. Nikaosha mara ya tatu kwa maji yale yale ya chumvi. Hakuna aliyeniona, kila mtu alikuwa akitazama barabara.

Kisha nikakinga tone, nikaonja. Chumvi! Tena chumvi ya wazi, hata mtoto angeijua.

"Vipi, mwanangu?"

"Matamu, baba."

Akatia saini, akaniombea dua, akaondoka zake mbio mbio kama kijana.

Nilijiambia nimemhurumia mzee. Uongo mtupu! Niliihurumia miguu yangu. Hiyo huruma ya mzee niliitunga baadaye, nikiwa njiani kurudi nyumbani Utange. Na ukishavuka mara moja, mara ya pili haina uzito. Wiki ile boza lilikosekana siku tatu, na siku zote tatu nilisema matamu.

Ramadhani ikaisha, Idi ikapita, masika yakaanza. Bodi zilikuwa zimepigwa kwenye dari la shule moja ya chekechea. Zikaanza kutoka jasho. Misumari ikashika kutu, madoa yakatambaa, dari likalegea katikati, na watoto wakatolewa kusomea barazani. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia.

Watu wa kiwanda wakaja kuuliza. Kabla ya mkutano, Mzee Salim alinivuta nyuma ya marundo ya jipsam.

"Nambie kweli, na nambie sasa. Yale maji yalikuwa matamu?"

Ewe unayesoma, hapo mlango ulikuwa wazi kabisa! Mzee hakuwa na hasira. Kama ningesema ukweli, tungeingia pamoja, ningefukuzwa mimi, basi. Lakini niliogopa.

"Matamu, baba. Haki ya Mungu."

Akanitazama, akatikisa kichwa kukubali. Akaingia mkutanoni, akasimama mbele ya wote.

"Wallahi, maji yalikuwa matamu. Kama bodi zimeharibika, tafuteni sababu kwengine."

Huku kwetu wapo wanaoapa hata wakinunua nyanya. Mzee Salim sikuwahi kumsikia akiapa mpaka siku ile. Alilitoa neno lake kwa sababu mimi nililitoa langu.

Majibu ya maabara yakaja. Ni chumvi. Msimamizi akauliza nani alionja mizigo ile. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwa mzee. Hakunigeukia hata kidogo.

"Saini ni yangu," alisema.

Mtu mmoja akacheka, akasema mzee mzima anaapa uongo, tena katoka kufunga juzi tu. Mimi nikainama, nikaanza kufua kitambaa cha kuchujia ambacho kilikuwa safi tayari.

Mzee Salim aliachishwa kazi siku hiyo. Kiwanda kikakataa jipsam yetu, na baada ya miezi miwili banda likafungwa. Siku hizi tope linamwagwa shimoni kama zamani. Mimi nafulia watu nguo Mkomani, na wenzangu wa banda nikikutana nao bado wanamlaumu mzee. Nawasikiliza tu. Nimechoka, jamani!

Bakuli la mwisho la kaimati bado liko kwangu. Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Nilishawahi kulijaza mihogo, nikafika mpaka Kisauni, nikaona mlango wa mzee, nikageuza. Mihogo tukaila wenyewe.

Jumamosi hii nalipeleka tupu. Mkewe atalitazama, atanitazama, atajua kuna neno. Nitalisema mbele yao wote wawili, kisha nitalisema kwa kila niliyefanya naye kazi, hata wakinitemea mate.

Nawe uliyeaminiwa kuonja kwa niaba ya mwenzio, nakusihi. Uongo wako hautakaa kinywani mwako, utatoka kwenye kinywa cha mtu mwema, akiuapia. Ukionja chumvi, sema ni chumvi. Honi zipigwe mpaka dereva achoke.