Mchele Uliolowekwa Jana

Mama Mjapani wa karibu na uwanja wa Flagey, huku ughaibuni, aliyekuwa akitufinyangia matonge ya wali, ametutoka. Nilipoyaona mara ya kwanza nilicheka: nani anunue tonge la wali uliopoa, lenye samaki ndani na mwani mweusi nje, akalile amesimama kituoni? Kumbe nusu ya mtaa. Kwao huitwa onigiri, nao hulinunua njiani kama sisi tunavyonunua maandazi. La kwanza nililiweka kwenye friji, asubuhi likawa gumu kama chaki, nikarudi kulalamika. Alicheka mpaka akashika kaunta. "Hilo lilikuwa la jana," aliniambia kwa Kifaransa chake cha taratibu. "La leo ni hili. La kesho nitalifanya kesho."

Alifariki usingizini. Asubuhi hiyo, sina habari, nilikuta mlango wa duka wazi na mumewe amesimama mbele ya sufuria. Kazi yake yeye ilikuwa kupokea pesa tu. Alitupa habari, mimi na mama mmoja Mkongomani anayesafisha ofisi za jirani, kisha akatuonyesha wali. Mchele marehemu aliuloweka mwenyewe kabla ya kulala. Mume ameshindwa kuumwaga, ameupika, na sasa kila tonge linamvunjikia mikononi. Mama yule alivua koti, akanigeukia, akaniita mjomba kwa Kifaransa. "Bon, tonton, nawa mikono. Papa peke yake hataweza, alors tumusaidie." Nikanawa, mimi ninayefukuzwa jikoni kwangu! Yeye alichovya viganja kwenye maji ya chumvi kama alivyomwona marehemu akifanya, akafinyanga tonge la pembe tatu, akamwekea mzee mkononi na kumwashiria ale. Alikula huku analia. Kisha wateja wakaanza kuingia, wengine hata hawakuuliza kitu, wakaondoka wakitafuna kuwahi basi. Mkono ulioosha mchele ule ulikuwa umekwisha kupoa, na bado ulikuwa unalisha watu.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Mimi nimeona haraka yenye baraka, kwa sababu kuna mtu aliyeitangulia kwa subira. Chakula tunachokimaliza kabla basi halijafika kilianza jana, kwa mtu aliyetuwaza bila kutujua majina. Tusipokuwa na la kuwaachia wenzetu, basi walau tuwalowekee kitu.

Marehemu alinidanganya, Mungu amlaze pema. La kesho hakulifanya kesho. Kila jioni alikuwa keshalianza.