Kihenge Kilichogeuzwa Kuni

Ipo siku haijanitoka moyoni, mwanangu. Nilikuwa mke mgeni hapa Itetemia, dada yako namnyonyesha, na baba yako alikuwa amekwisha kung'oa muhogo wote ili apande tumbaku. Kuni za kukaushia zilipomwishia, majani bado mabichi yananing'inia ndani ya bani, kile kibanda cha kukaushia tumbaku, alibomoa kihenge cha mama yake cha kuhifadhia mahindi akakitia motoni. Miti ile ilikuwa mikavu, ikawaka vizuri.

Bibi yako alisimama akitazama mpaka kikaisha. Kisha akauliza, "Ukipata mahindi utayaweka wapi?"

Baba yako akacheka. Akamwambia siku hizi unga uko dukani, treni inauleta. Mimi niliendelea kunyonyesha, mke mgeni haulizwi.

Mvua za mwaka ule zikala tuta la reli. Treni haikuja. Maduka ya mjini yakabaki na sabuni na viberiti, nasi tukakaa kama watu wa kisiwani wanaosubiri meli, huku ardhi yetu tunaikanyaga. Bani lilijaa tumbaku nzuri ya rangi ya dhahabu. Hata mbuzi hawaili.

Bibi yako alikuwa na mtungi wa michembe, viazi vitamu alivyovikata na kuvianika mwenyewe. Kila jioni alinichemshia, akidai yeye ameshakula. Alikuwa hajala. Maziwa yangu hayakukauka, na dada yako unamwona leo. Bibi tulimzika kabla reli haijatengenezwa. Baba yako, Mungu amrehemu, sijamaliza kumsamehe.

Sasa jana umeniletea miche ya tumbaku. Unataka kipande changu cha muhogo, unasema unga uko dukani. Nilimsikia baba yako kabisa.

Lima tumbaku yako kwingine, sikukatazi, najua ada za shule zinatoka humo. Lakini panda kwanza chakula cha nyumba yako, ukianike, ukihifadhi. Usimwachie dereva wa lori la unga aamue kama wanao watalala wameshiba. Na mama mzee akikuuliza swali, usimcheke.

Mungu akupe mvua ya wakati wake na mikono isiyochoka. Akujalie mkeo asikukumbuke kwa uchungu kama huu wangu. Kipande changu hukipati. Iache hiyo miche hapo kivulini, chukua jembe, tukapalilie muhogo.