Mabango ya Sinema Bubu Koridoni Kwetu

Nilijua kuna shida nilipokuta ukuta wa koridoni ukiwa mtupu. Nilikuwa nimetoka zamu hospitalini, viatu mkononi, nikaona misumari tu. Mabango ya mume wangu yote yalikuwa yameshushwa.

Niyaeleze hayo mabango, maana kila mgeni aliyeingia kwetu DeSoto, hapa Texas, aliyashangaa. Mume wangu alikuwa mlevi. Silitafutii jambo hilo neno zuri. Alipoacha, Jumamosi zilimshinda, kwa sababu ndizo siku alizozoea kunywa. Basi akaanza kuzunguka maduka ya vitu vikuukuu kule Fort Worth, na siku moja akarudi na kadi kubwa ya picha, ya zile zilizobandikwa zamani mlangoni mwa ukumbi wa sinema ili kuwavuta watu. Ilitangaza sinema bubu iliyotokana na riwaya ya kale ya Kimarekani ya kupinga pombe. Mtoto wa kike amesimama ndani ya baa, na baba yake, mezani, amempa mgongo.

Kumbe riwaya hiyo ilikuwa imegeuzwa sinema mara kadhaa, kabla filamu hazijaanza kusema. Mume wangu akazisaka zote. Alipata mabango, vijikaratasi walivyogawiwa wapita njia, upepeo wa karatasi wenye tangazo nyuma, hata beji ya bati waliyopewa watoto walioapa kwamba hawatakunywa kamwe. Filamu zenyewe, aliniambia, nyingi zimeoza au zimeungua. Yamebaki matangazo ya vitu ambavyo hakuna atakayeviona tena. Aliyapanga kwa mfuatano, na katika kila moja mtoto yuleyule alikuwepo, kabadilishwa gauni na nywele tu. Mtengenezaji mmoja kamvalisha kama malaika, mwingine kama chokoraa. Nilimtania mume wangu kwamba wenzake huweka picha za harusi. Lakini kila asubuhi nilipita pale nikiangalia kama yamepanguswa vumbi. Yakiwa safi, nilienda kazini nikipumua.

"Baba, picha ziko wapi?" nilimuuliza mume wangu.

"Nimezi-pack chini ya kitanda. Wageni wanakuja na pombe yao, halafu wakute ukuta mzima unawatusi? Hiyo si heshima, mama."

Ni kweli wageni walikuwa wanakuja. Binti yetu wa pekee alikuwa anaposwa, na ukoo wa mvulana ulikuwa unatoka Katy, huko nje ya Houston, kuleta mahari. Sisi Wakikuyu siku hiyo tuna desturi moja ambayo nilikuwa nimeiogopa tangu msichana alipoanza kuvaa pete ya uchumba. Muratina, pombe ya asali, humiminwa katika pembe. Binti huionja kwanza, kisha humpelekea baba yake. Baba akinywa, amekubali. Akikataa, amewakataa wakwe mbele ya watu. Katika picha zile zote mtoto alikuja kumtoa baba kwenye kinywaji, na wangu alitakiwa ampelekee mkononi.

Tulikuwa tumejipanga. Nilimpigia simu mjomba wa mvulana, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wao, nikamwomba kibuyu kiwe na maji ya asali na ndimu. Hapo ndipo tulipoharibu. Nilimwambia kwamba sisi ni watu wa kanisa. Sikumwambia kwamba mume wangu akionja funda moja sijui ataishia wapi. Aibu ilinifunga mdomo. Huku Texas kila familia ya Kikenya ni watu wa kanisa, na nusu yao husema hivyo simuni na kunywa wakifika.

Mjomba alicheka. "Nimeku-get kabisa, mama. Wewe usijali."

Wakafika mchana, wanawake wao wakiimba tangu kwenye gari, kibuyu kimefungwa leso kama mtoto mchanga. Sebule ikajaa hadi watu wakakaa kwenye ngazi. Nilikuwa nimeshika sinia ya chapati mjomba alipokizibua kile kibuyu, na harufu ikanifikia kabla sijaketi. Haikuwa ya ndimu. Nimelala kando ya harufu ile miaka mingi, siwezi kuikosea.

"Hii nimeipika mwenyewe, kwa gereji yangu!" mjomba akajisifu. "Ile ya kanisa tumewaletea watoto."

Watu wakacheka. Mimi nilishika sinia kwa nguvu nisije nikaiangusha. Ningeweza kupiga kelele. Ningesema nini, na binti yangu amesimama pale kavaa vazi la siku yake, na wazee wa watu wamesafiri barabara yote ile? Niliogopa kusema na niliogopa kunyamaza, na katika kuogopa huko nikawa nimenyamaza.

Nilimtafuta mume wangu kwa macho. Hakunitazama. Alikuwa anaitazama pembe ikijazwa.

Binti akapokea, akaonja. Nikaona uso wake ukiganda. Alijua kilichopaswa kuwemo mle, tulikuwa tumefanya mazoezi jikoni kwa juisi. Akaanza kutembea kumwendea baba yake, polepole, na baba yake akanyoosha mkono. Mkono huo ndio ulionitisha kuliko yote. Haukutetemeka hata kidogo.

Amebakiza hatua moja hivi, binti akasimama. Akainua pembe, akainywa. Hakuonja, alikunywa, koo likipanda na kushuka, hadi akaigeuza juu chini na tone moja likadondoka kwenye zulia.

"Imeisha, Dad," alisema. "I drank yours too."

Mume wangu alikuwa bado amenyoosha mkono, na ilimchukua muda kuurudisha gotini. Kisha akasimama.

"Wazee, binti yangu amekunywa sehemu yake na yangu," alisema kwa sauti kubwa. "Nimekubali."

Vigelegele vikalipuka. Nikalia, na akina mama wakanipangusa machozi wakidhani ni furaha ya kumwoza binti.

Nilimvuta msichana wangu hadi jikoni, nikamshika mashavu. Yalikuwa ya moto. Hakuwa amewahi kunywa kitu hicho maishani, nilimlea nikihakikisha hivyo. Nilimwambia Mungu ambariki, nikamwambia amemwokoa baba yake, nikasema mengine ambayo hata sikuyasikia.

"Mum, relax. Niko sawa." Alicheka, kicheko kilicholegea kidogo. Akalamba midomo, akafikiri. "Actually, it's so sweet. Imebaki ingine?"

Baba yake alikuwa ametufuata na sahani chafu mkononi. Alimtazama mwanawe midomoni, akaziweka sahani chini taratibu sana. Nimemwona mume wangu kwa daktari, nimemwona kwa hakimu, na sikuwahi kumwona akiogopa kama pale.

"Imeisha," akamjibu, haraka mno.

Sebuleni mjomba alikuwa akimimina tena, na sote watatu tulimsikia.