Bastola ya Kumngoja Mgeni

Jumamosi nilimsindikiza jirani yangu, Mkenya mwenzangu, na mkewe hadi duka la bunduki mjini Blaine, huku ughaibuni tunakoishi. Bwana alishika bastola moja baada ya nyingine, akizipima mkononi kama mtu anayechagua maparachichi. Mwishowe akapenda moja ndogo nyeusi, akaulizia na kizuia sauti, eti watoto wasiamke.

"Na hiyo ni ya nani?" mkewe akauliza, mkono kiunoni.

"Mtu aingie kwangu bila kupiga simu! Atanitambua."

"Baba watoto, nani wa kwetu hupiga simu kwanza?"

Bwana akairudisha bastola mezani polepole. Nikashusha pumzi. Kila Jumapili mimi huingilia mlango wao wa jikoni, saa ya chapati, bila hata hodi.