Zamu ya Mwalimu Vifungo

Shule nzima ilimwita Mwalimu Vifungo, naye alijifanya hajui. Mwalimu wa hisabati asiyejua wanafunzi wanamwitaje bado hajazaliwa, lakini hilo tumwachie mwenyewe. Jina lilitokana na mfuko wa kitambaa cha bluu aliouchomoa mkobani kila mwaka, somo la uwezekano likifika. Ndani ya mfuko mlikuwa na vifungo kumi vya koti, vikubwa, vyenye umbo moja na uzito mmoja, na kila kimoja kimeandikwa tarakimu yake kwa rangi ya kucha, kuanzia sifuri hadi tisa. Wenzake walifundisha somo hilo kwa chaki na vitisho. Yeye alisema uwezekano ni kitu cha kushikwa kwa mkono.

Vifungo vilikuwa vya mama yake, fundi cherehani aliyewalea mabinti wawili chini ya meza ya kazi, kati ya pedali na kikapu cha vipande. Mkubwa ndiye huyu mwalimu. Mdogo walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitinda mimba. Walicheza kubahatisha: mmoja anataja tarakimu, mwingine anatumbukiza mkono mfukoni. Sheria ilikuwa moja tu, zamu ya mtu hairukwi. Dada akiitwa kuosha vyombo katikati ya mchezo, Kitinda alikaa palepale amekunja miguu, mfuko mapajani, akisubiri. Dada akirudi mikono ikichuruzika maji, alinyooshewa mfuko bila neno. Hajawahi kutokea mtu hodari wa kusubiri kama mtoto yule.

Mama alipofariki, dada akawa dada na mama. Alimsuka nywele, akamsomesha, akamfundisha hisabati kwenye darasa lilelile alilofundisha wengine, bila upendeleo, tena kwa ukali zaidi. Kisha Kitinda akiwa chuo cha uuguzi akampenda fundi wa magari, akaja nyumbani kusema anaacha chuo amfuate mjini kwake. Mwalimu alikuwa anapanga sahani kabatini. Hata kugeuka hakugeuka.

"Uwezekano wa ndoa hiyo kudumu," alisema, "uko chini ya sifuri."

"Mwalimu," Kitinda akajibu, wala hakumwita dada, "uwezekano hauwi chini ya sifuri. Ulinifundisha mwenyewe."

Akachukua begi lake, akaondoka. Mwalimu alikuwa na hasira ya kumaliza mwezi, na hasira hiyo ilipokwisha akabaki na kiburi, ambacho hakina mwezi wala mwaka. Miaka ikapita. Ndugu huyu anasubiri yule aanze, na yule anasubiri huyu. Nyumbani mwalimu aliendelea kununua mkate mkubwa wa watu wawili, na kila wiki nusu yake ikaota ukungu. Alimkumbuka mdogo wake, na hakumwambia mtu. Kisha simu yake ikaibiwa pamoja na namba zote, akanunua laini mpya, na hata ule uzi mwembamba uliobaki ukakatika.

Mwanzoni mwa muhula alisafiri kwenda kusahihisha mitihani. Siku aliyorudi, muuza duka wa jirani akamwita kabla hajafungua mlango wake.

"Mwalimu! Mdogo wako alipiga hapa dukani."

"Nani?"

"Una wadogo wangapi? Kitinda! Anasema kwenye namba yako ya zamani hakupati. Ningempa mpya, lakini hujanipa. Akasema, 'Mwambie mimi nimeshapiga, sasa zamu yake.' Basi. Namba yake nimekuandikia hapa."

Hapa, maana yake nyuma ya mlango wa duka, kwa chaki, ndiko alikoandikia mambo yote ya dunia. Lakini wakati mwalimu akiwa safarini magunia ya unga yalishushwa na kuegemezwa mlangoni. Namba ilikuwepo, yote isipokuwa tarakimu mbili za mwisho. Pale palibaki vumbi jeupe tu, upande wa kushoto kidude cha mviringo kwa juu, upande wa kulia mstari umesimama kwa chini. Na simu ya duka, mkweche wa vitufe uliofungwa raba, ilikuwa na kumbukumbu ya kuku. Ilishasahau zamani nani alipiga.

"Angalau hazifanani," alisema mwalimu, pua ikigusa mbao. "Moja ina kichwa, nyingine ina mguu."

"Hazifanani kabisa," muuza duka akaunga mkono, mtu ambaye kwa aibu ya magunia yake angeunga mkono lolote.

Mwalimu wa hisabati hababaishwi na vumbi, wala hakisii tarakimu kwa mabaki ya chaki. Ya kwanza ni yoyote kati ya kumi. Ya pili, kwa kuwa hazifanani, ni yoyote kati ya tisa zilizobaki. Kumi mara tisa, tisini. Aliziandika zote nyuma ya kalenda kuukuu, akaanza kupiga kila jioni akitoka kazini, chache chache, akiweka alama. Fundi bomba akamuuliza linavuja wapi. Mwanamume mmoja alimwambia, "Hujakosea namba, mrembo, ni mimi uliyekuwa unanitafuta." Bibi mmoja aliposikia ni simu ya kukosea alimwomba asikate kwanza, kwa sababu tangu asubuhi hajaongea na mtu. Mwalimu akaongea naye mpaka chai ikapoa. Zisizopatikana alizirudia kesho na keshokutwa, mpaka nazo zikapata wenyewe au zikathibitika hazitumiki.

Tisini zikaisha. Kitinda hakuwamo.

Basi akahitimisha kama alivyozoea kuhitimisha: mdogo wake amengoja, amechoka, ameitupa laini. Yule hodari wa kusubiri naye amefika mwisho. Alikunja kalenda akaisukumiza chini ya kabati, na usiku ule hakupika. Muuza duka alipouliza, alijibu, "Bado," akapita upesi. Akawa mtu wa kusikiliza simu za wengine zikilia.

Ndipo somo la uwezekano likafika, maana mtaala haujui msiba wa mtu.

"Una mashati matatu na sketi mbili," aliwaambia kidato cha tatu. "Utatoka nyumbani kwa mavazi mangapi tofauti?"

"Sita!"

"Kwa nini?"

"Kila shati linaenda na kila sketi. Tatu mara mbili."

"Na mwenye shati moja na sketi moja?"

"Huyo hachelewi shule, Mwalimu," sauti ikatoka nyuma. Ilikuwa ya msichana waliyemwita Redio, kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia. Darasa likacheka, na mwalimu naye karibu acheke.

Akatoa mfuko wa bluu. Kwanza walichomoa vifungo viwili bila kurudisha cha kwanza, wakahesabu njia zote. Kumi mara tisa. Aliandika tisini ubaoni, na mkono ukawa mzito kama anaandika jina la marehemu. Kisha akasema sasa watarudisha.

"Redio, njoo. Mdomo pumzisha, tumia mkono."

Redio akachomoa. Nne. Akakionyesha, akakirudisha, akautikisa mfuko kwa mbwembwe, akachomoa tena. Nne.

"Wizi huo!"

"Mwalimu, amekipapasa!"

"Haiwezekani kitoke kilekile!"

"Kaeni chini," mwalimu alisema. "Kifungo hakijui kwamba kimeshatoka. Hakichoki, hakioni haya. Kikirudi mfukoni kina haki sawa na wenzake. Nani amewaambia kilichotoka mara moja hakitoki tena?"

Chaki ya mwalimu ikasimama hewani. Nani aliwaambia? Na yeye, nani alimwambia? Alama mbili za vumbi mlangoni, na jambo moja tu aliloliamini bila kulipima. Kumi mara kumi ni mia. Alipiga tisini. Kumi hakuzigusa, zile za mapacha, sifuri sifuri, moja moja, mbili mbili.

Na kichwa kile, na mguu ule. Ipo tarakimu yenye vyote viwili. Gunia lilifuta mguu wa hii na kichwa cha ile.

"Fanyeni swali la tano," alisema, na sauti haikuwa yake.

"Mwalimu, la tano hatujafika," alisema Redio.

"Basi fikeni."

Alitoka akavuka uwanja karibu kwa kukimbia, jambo ambalo shule ile haikuwahi kuliona, akaingia stoo ya michezo na kusimama kati ya mipira iliyoisha upepo. Namba aliijua kwa moyo. Mwishoni akabonyeza tisa. Akabonyeza tisa tena.

Ikaita. Ikaita. Ikapokewa.

"Haloo, shikamoo." Sauti ya mtoto wa kike, ndogo, yenye kitu mdomoni.

"Marahaba, mwanangu. Mama yupo?"

"Yuko nje anaanua nguo. Wewe nani?"

Maneno ya kumwambia Kitinda aliyarudia moyoni kwa kila namba aliyopiga. Ya kumwambia huyu hakuwa nayo. Hakujua kama duniani kuna huyu.

"Mama yako anaye dada?" aliuliza.

"Anaye. Mama mkubwa."

"Ndiyo mimi. Mimi mama yako mkubwa."

Mtoto alikuwa anatafuna na kufikiri.

"Muongo. Mama mkubwa hapigi simu."

Mwalimu alishika rafu ya mipira. "Nani kakwambia?"

"Mama. Nikimwambia tumpigie anasema hapana, zamu yake. Akila anaweka simu karibu na sahani. Akioga ananipa mimi niishike."

Machozi yalimtoka Mwalimu Vifungo bila kuomba ruhusa. Alimwona yule mtoto mwingine, chini ya meza ya cherehani, miguu amekunja, mfuko mapajani.

"Mpelekee mama simu, mwanangu," alisema. "Mwambie zamu nimeichukua."

Akasikia ndala zikikimbia, mlango, upepo, mtoto akipiga kelele, "Mama! Mama! Anasema ni mama mkubwa!" Akasikia kitu kikianguka, labda beseni. Kisha simu ikabadilisha mkono, na pumzi ikaja sikioni mwake, pumzi aliyolala nayo kitanda kimoja utoto mzima.

Kule uwanjani kengele ya mwisho wa kipindi ikalia.

"Bado uko darasani?" Kitinda aliuliza, sauti ikikatika.

"Niko stoo," dada yake alisema. "Nilikuwa naosha vyombo, mdogo wangu. Nimerudi."