Shemeji na Balbu ya Vifaranga

Ilianza Jumamosi ya pili ya likizo ya Aprili, mwaka wa 1991, saa kumi na moja jioni, shemeji alipoweka kikombe chini na kusema anasikia harufu ya kitu kinachoungua.

Alikuwa bado shemeji mtarajiwa. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuzungumza na baba habari za kumwoa dada, na alikaa sebuleni magoti yamebanana, kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Kazi yake ilikuwa fundi wa stima. Mimi nilikuwa kidato cha pili, na sauti yangu, mama alikuwa akisema, lazima mtu aitafute kwa tochi.

Kisumu si mji wa baridi, lakini kifaranga wa siku chache hajui yuko mji gani, na wiki hiyo mvua ilikuwa imeingia kutoka ziwani ikakataa kutoka. Vifaranga wa mama walikaa kwenye boksi, katika kibanda kilichoegemea ukuta wa nyuma. Hao ndio wangechinjwa Desemba, siku ambayo watu wa shemeji wangeleta ng'ombe wa mahari. Kwa hivyo mama aliwawashia balbu. Waya ulipita dirishani hadi kwenye soketi ya chumbani kwake. Plagi hatukuwa nayo. Ncha za waya zilichomekwa hivyo hivyo na kukazwa kwa njiti za kiberiti. Jioni hiyo aliwaonea huruma akafunika boksi kwa gunia, nalo likalala juu ya balbu.

Tulipofika nyuma, gunia lilikuwa linafuka moshi, vifaranga wanapiga kelele, na pale waya ulipoungwa kwa kipande cha nailoni, cheche zilikuwa zinaruka. Shemeji akaufuata waya kwa macho hadi dirishani, akaona kitanda cha mama, akageuka haraka kama aliyemfumania mtu bafuni. Kwetu mkwe haingii chumba cha mama mkwe, hata iweje. Na swichi ilikuwa humo.

Kabla hajasema neno, mama akatokea na beseni la maji.

Sasa, mkwe pia hamkemei mama mkwe, wala hawatazamani usoni. Shemeji akaangalia viatu vyake. "Shem, mwambie mama asimwage maji. Stima itampiga."

Nikamwambia. Nina hakika nilimwambia kwa sababu midomo yangu ilitembea.

Mama alikuwa amesikia kila kitu, lakini naye akaugeukia ukuta. "Mwambie mgeni kuku wangu wanaungua."

"Mwambie nimeona."

Beseni likaanza kupanda. Hapo kitu kikanitoka kooni ambacho sikujua ninacho. "Mama, weka maji chini!"

Redio ya jirani ikazimwa. Mama akaliachia beseni, maji yote yakaishia miguuni mwake. Nilikimbia chumbani nikazima swichi, na shemeji akaliondoa gunia kwa fimbo. Vifaranga wote walikuwa hai, ila mmoja alibaki na mgongo mweusi.

Somo lilitolewa baada ya chakula. Shemeji akiwa sebuleni, mama nyuma ya pazia la jikoni, dada katikati akipeleka na kurudisha. Balbu ining'inizwe kwa mnyororo, mbali na boksi. Izungushiwe wavu. Isifunikwe na kitu chochote. Mama akauliza, je, leso nyepesi? Dada akapeleka. Jibu likarudi: hata leso. Shemeji akaunga waya upya kwa tepu, na plagi mpya kutoka mfuko wake wa kazi, ambayo ilibidi ifungwe humo chumbani, akaniachia mimi pamoja na bisibisi.

Asubuhi, kabla ya kanisa, nilizima swichi, nikazichomoa ncha za waya, nikaifunga plagi ile peke yangu. Balbu ilipowaka nikaokota zile njiti za kiberiti sakafuni, nikaenda jikoni kuwashia jiko la chai.